Askari Wanne

Kila Ijumaa Kuu askari wa Kirumi hupita katika vichochoro vya Mwenge. Huvaa mashuka mekundu, na kofia zao ni ndoo za plastiki zilizokatwa na kupakwa rangi ya fedha, zikabandikwa vipande vya ufagio badala ya manyoya. Humsukuma kijana aliyebeba msalaba, nyuma yao kwaya, akina mama, na watoto wasiohesabika. Kikundi hiki cha maigizo (jina lake nalihifadhi, maana ni majirani zangu) kilianza na askari kumi na wanane. Safari hii nimehesabu saba, na mmoja alikuwa amevaa ndala.

Viongozi wao hutoa sababu nyingi. Huyu amepata kazi, yule ana bodaboda na bodaboda haina sikukuu, mwingine ameoa. Sababu hizo ni za kweli, lakini kwaya ya hapo hapo imepatwa na mambo hayo hayo, na haijapungua. Nionavyo mimi, kiini cha tatizo ni kwamba hakuna anayetaka kuwa askari. Nafasi ya Yesu hugombewa. Pilato ana kiti na beseni la maji. Askari ana mjeledi wa katani na laana za watoto. Kijana mmoja alinisimamisha njiani: "Shikamoo Mwalimu. Mwakani niombee niwe Petro." Nikamuuliza ana ubaya gani na uaskari. Akasema askari hana la kusema, kazi yake kupiga kelele tu.

Hapo ndipo nilipo na ugomvi na igizo lenyewe, kwa maana kijana yule amesema kweli. Askari wa Mwenge huigizwa kama wanyama. Hufoka, tena kwa Kiingereza cha sinema, kana kwamba ukatili hauna Kiswahili. Ajabu ni kwamba Mwalimu Nyerere aliwafanya Warumi waseme Kiswahili fasaha tangu 1963, alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari. Pale chuoni kwetu wanachuo wa ualimu waliiigiza wakiwa wamejifunga mashuka ya bweni, na hakuna mtazamaji aliyeuliza kwa nini Bruto anasema kama mtu wa pwani.

Tena kuna jambo la historia ambalo vijana hawa hawakuambiwa. Katika Uyahudi ya wakati wa Pilato hapakuwa na jeshi kubwa la watu waliotoka Roma. Wanahistoria wengi wanaona kwamba askari aliokuwa nao walikuwa wa vikosi vya msaada, na wengi wao waliandikishwa huko huko, katika miji kama Sebaste na Kaisaria. Kwa maneno mengine, aliyeshika nyundo siku ile yawezekana kabisa alikuwa kijana wa jirani, amevaa sare ya mfalme wa mbali na kula mshahara wake.

Mtu huyo sisi tunamfahamu. Alikuwa askari wa Wajerumani, kisha akawa askari wa Waingereza, na sanamu yake ya shaba imesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927. Na Simoni wa Kirene, aliyekamatwa njiani akabebeshwa mzigo usio wake, tunamfahamu pia. Kariakoo imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya kwanza ya dunia. Maelfu kwa maelfu ya watu wetu walibebeshwa mizigo ya vita isiyowahusu, na wengi hawakurudi makwao. Mpe kijana wa Mwenge uaskari wa namna hiyo, uone kama atataka kuwa Petro.

La pili ni la uendeshaji. Babu zetu waliwahi kuigiza majeshi ya kigeni, na wala hawakuishiwa watu upesi. Nasema juu ya beni, ngoma iliyoanza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikaingia Tanganyika na kuenea zaidi baada ya vita ya 1914–1918. Marini na Arinoti walikuwa na sare, gwaride, tarumbeta, na vyeo vya kila namna hadi mfalme. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwaandikia kitabu kizima kilichotoka 1975. Ukikisoma utaona kwamba sare ilikuwa sehemu ndogo ya mambo. Mwanachama alitoa mchango, akiugua alitazamwa, akifa alizikwa na wenzake. Na daima kulikuwa na upande wa pili wa kushindana nao. Jamaa yake mganda ungali unachezwa kando ya Ziwa Nyasa.

Kikundi chetu hukutana wiki nne kabla ya Pasaka. Baada ya hapo ndoo huwekwa stoo, na askari hawajuani tena hadi Kwaresima nyingine. Mmoja wao alifiwa na mama yake mwezi wa Agosti, na msibani nilimwona mwenzake mmoja tu. Sasa mtu huyo utamwitaje mazoezini?

Sitaki nionekane nimekuja kubomoa. Lipo jambo moja walilolifanya vizuri kuliko maigizo mengi niliyoyaona. Chini ya msalaba askari wanne waliketi juu ya matofali wakapigia kura vazi, kwa kokoto. Hawakufoka. Walicheza kama vijana wanavyocheza drafti kibarazani, wakicheka polepole, na mmoja aliyeshindwa akabaki anatazama mikono yake. Uwanja mzima ulinyamaza, hata watoto.

Injili ya Yohana inawataja hao hao wanne, maana mavazi yaligawanywa mafungu manne. Basi nilimshauri kiongozi wao aache kulilia kumi na wanane. Awe na wanne wanaojua ni nani, wenye daftari la michango la mwaka mzima, na ngao za mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, kama zilivyokuwa za Warumi. Wachonga vinyago hawako mbali, na mmoja amekubali kuwafundisha bila malipo.

Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kisha akasema, "Sawa, Mwalimu. Lakini askari wakiwa wanne, wale watoto barabarani atawazuia nani?"