Ngoma Isiyolia: Uhakiki wa Picha za Sherehe katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Neno ngoma humtia mashakani mhakiki wa uchoraji kabla hajaitazama hata picha moja. Kwa Mswahili, ngoma ni kile chombo kiwambwacho ngozi; ni mchezo wenyewe; ni mkusanyiko wa watu waliokuja kuucheza; na katika uganga ni tiba ya mwenye pepo. Mchoraji asemapo kuwa amechora ngoma, hana budi aulizwe amechora ipi kati ya hizo. Picha nyingi ziuzwazo kwa wageni katika barabara za Malindi na Watamu zimelijibu swali hilo kwa wepesi mno. Huonyesha chombo, na mchezaji aliyeinua mguu, na hando jeupe lililotanuka kiunoni mwa mwanamke wa Kigiriama. Mkusanyiko haumo, wala sababu ya mkusanyiko haimo.

Upungufu huu si wa ufundi tu. Kifudu, kwa mfano, ni ngoma ya wanawake iliyofungamana na mazishi na uzazi. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliitumia kuwakusanyia watu alipowahimiza Wagiriama waikatae kodi ya serikali ya Kiingereza na kazi ya kulazimishwa, na mwezi wa Agosti 1914 serikali hiyo ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Mtu akiichora kifudu kama furaha ya jioni kando ya bahari, amesema uongo, hata kama kila ushanga umewekwa mahali pake. Mwanzele nayo huchezwa matangani na harusini pia. Hatua ni zile zile. Kinachobadilika ni aliyefiwa au aliyeoa, na hilo haliwezi kusomwa katika miguu ya wachezaji. Ni lazima mchoraji alionyeshe kwa njia nyingine, na suala la uhakiki ni kuichunguza njia hiyo.

Yafaa ikumbukwe kuwa maelezo mazuri ya muziki wa Malindi ni ya kale sana. Mreno mmoja aliyekuwamo katika msafara wa Vasco da Gama mwaka 1498 aliandika juu ya mapokezi ya mfalme wa Malindi, na akataja mabaragumu mawili ya pembe ya ndovu yaliyonakshiwa, marefu kama kimo cha mtu, yanayopulizwa kwa tundu la ubavuni. Huyo hakuwa mchoraji, na hakukaa Malindi ila siku chache. Hata hivyo aliona mambo matatu ambayo picha za barabarani haziyaoni: ukubwa wa ala ukilinganishwa na mtu, mahali pa mdomo wa mpulizaji, na nani anayepigiwa. Siwa za Pate na Lamu ni ushahidi kuwa hakutia chumvi.

Katika karne ya 20 kazi ya kuwachora watu wa Kenya ilipewa sura rasmi na Joy Adamson, ambaye kuanzia mwaka 1949 aliagizwa na serikali ya kikoloni awachore watu wa makabila mbalimbali katika mavazi yao ya jadi. Picha hizo ni mamia, na nyingi zimo katika Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi. Uaminifu wake katika vazi na pambo haupingiki. Lakini mchorwa ameketishwa, amepambwa, ameambiwa atulie. Ni kamusi ya mavazi. Na kamusi, wasomaji wa jarida hili wanajua, huorodhesha maneno bila ya kuzungumza. Si haki kumlaumu Adamson kwa jambo asiloagizwa. Wa kulaumiwa ni wale waliokuja baadaye, wakaichukua sanamu ile ile iliyotulia, wakainua mguu wake mmoja, wakaiita ngoma.

Tatizo hili halikuwa la pwani ya Kenya peke yake. Alexander Volkov, aliyezaliwa Fergana mwaka 1886 na kuishi Tashkent hadi kufa kwake mwaka 1957, alikabiliwa nalo katika nchi ya Wauzbeki, ambayo nayo ilikuwa na wachoraji wengi wa kilemba na ngamia. Katika picha yake mashuhuri ya mwaka 1924, iitwayo kwa Kiswahili Mkahawa wa Komamanga, iliyoko Moscow, watu wameketi kunywa chai, na miili yao imegeuzwa kuwa pembe tatu zinazoegemeana, zote katika wekundu wa tunda lile. (Komamanga si tunda geni kwa msomaji wa tenzi za pwani.) Hakuna anayecheza. Lakini jicho halitulii, kwa kuwa pembe moja huliitia pembe nyingine, na wekundu uliokoza huitikiwa na ule uliofifia. Katika miaka ya 1930 Volkov alishutumiwa kuwa anajali fani na kuyatupa maudhui. Shutuma hiyo inafahamika vyema kwa wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, maana mabishano juu ya fani na maudhui yamewahi kuvijaza vyumba vyao vya mihadhara. Na picha hii ni jibu zuri, kwani maudhui yake, yaani raha ya kuketi pamoja, yamo ndani ya pembe zile wala si nje yake.

Hapa istilahi za ushairi zinaweza kusaidia kuliko zile za uchoraji zilizokopwa Ulaya. Picha ya Volkov ina vina: umbo la mwisho wa kipande hiki hurudi mwishoni mwa kipande kile. Ina mizani pia, kwa kuwa uzito umegawanywa kwa hesabu. Vivyo hivyo kwa Sam Ntiro wa Machame, mwanafunzi na baadaye mwalimu wa Makerere, katika picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wampelekeao bibi harusi pombe ya ndizi usiku, iliyonunuliwa na jumba la sanaa ya kisasa la New York. Ntiro hakuichora sherehe. Alichora safari ya kuiendea, watu wengi wenye maumbo yanayofanana, kama mishororo ya ubeti mmoja. Harusi yenyewe inasubiriwa nje ya fremu, na kusubiri huko ndiko kunakoitia picha mapigo.

Malindi yenyewe ilipata mchoraji aliyeujua muziki kwa mikono yake. Richard Onyango, aliyezaliwa mwaka 1960, si mwenyeji wa kabila la pwani, lakini aliishi na kufanya kazi Malindi, na aliwahi kupiga ngoma katika bendi za kumbi za starehe. Umaarufu wake umetokana na mfululizo wa picha juu ya Drosie, mwanamke wa Kizungu mwenye mwili mkubwa, na kijana mwembamba wa Kiafrika aliyempenda, ambaye ni mchoraji mwenyewe. Mara nyingi wahakiki wa Ulaya wamezisoma picha hizo kama kisa cha mapenzi na utalii. Si kosa, ila ni nusu ya habari. Katika picha hizi kila kitu, kiti, gauni, kiatu, kimechorwa kwa mwanga ule ule mkali, bila ya kivuli cha kujifichia, na ule mwili mpana hujirudia kutoka turubai hadi turubai kama pigo zito la ngoma kuu, huku kijana akiwa pigo jepesi linalolikimbilia. Mpiga ngoma amekaa nyuma ya ukumbi. Huwatazama wachezaji na watazamaji kwa pamoja. Onyango anachora kutoka kiti hicho. Ndiyo sababu sherehe ya hoteli, ambayo katika picha za barabarani hujifanya kuwa ya jadi, kwake yeye imepewa jina lake halisi: ni biashara, yenye upweke ndani yake na mapenzi pia. Ukweli huo una thamani kuliko mahando mia yaliyochorwa kwa agizo la mgeni.

Hata hivyo Onyango hajaigusa ngoma ya Kigiriama, na hakuwa na wajibu wa kuigusa. Atakayeigusa ana mwalimu karibu zaidi kuliko Volkov. Vigango, vile vibao virefu vya mti visimamishwavyo kwa ajili ya wafu waliokuwa wanachama wa gohu, humwonyesha mtu bila ya kumwiga: kichwa aghalabu ni duara, kiwiliwili ni ubao, na juu yake mchongaji hukata pembe tatu ndogo ndogo, safu kwa safu, kisha huzitia rangi. Ni ajabu kwamba sanaa dhahania hutajwa madarasani kama jambo lililoletwa na meli, ilhali mzee wa Kaloleni alikuwa akiikata kwa patasi. Na kigango hakikusimamishwa kimya kimya. Kilitiliwa tembo, kikafungwa vitambaa, kikachezewa. Katika safu za pembe tatu zake muna mpangilio wa kurudiarudia ambao mtu aliyezoea mlio wa kayamba hatauona kuwa mgeni.

Lakini mwalimu huyu mwenyewe ameibiwa. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viling'olewa na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilionekana katika makumbusho ya vyuo vikuu viwili vya Marekani, na vikarudishwa Kilifi mwaka 2007. Makumbusho ya Denver nayo yalitoa 30 mwaka 2014 virudishwe Kenya. Walioviuza waliviita sanamu za mapambo, na katika orodha za mauzo vilipimwa kwa urefu na kwa uzuri wa uso wa mti. Jina la marehemu halikuandikwa, wala la ngoma iliyochezwa siku kigango kilipochomekwa ardhini.