Kuanza upya si kuzunguka: lawama ya kindugu kwa FlightGear

Najua swali litakalokuja: mtu wa lisansi ya agronomia anatafuta nini mu ndege za kivita, tena zile zinazotua juu ya meli? Pwani yetu yote, kule Muanda, ina kilomita kama 40, na jeshi letu halina meli ya kubeba ndege hata moja. Sawa. Lakini tangu nipate kompyuta ya zamani yenye FlightGear ndani, jioni zangu zinaishia humo, na nina neno la kusema juu yake.

FlightGear ni simuleta ya bure. Watu wa kujitolea waliianza miaka ya 1990. Uzuri wake kwetu ni kwamba ukiisha kuipakua pamoja na ramani, haikuombi mega tena. Ndani kuna meli Nimitz inayotembea baharini karibu na San Francisco, na kuna Sea Hawk, ndege ya Waingereza ya miaka ya 1950. Kazi ni moja: shusha magurudumu, shusha ndoano ya nyuma, njoo ushike moja ya kamba nne za chuma zilizolazwa juu ya sitaha.

Siku tatu za kwanza nilianguka majini paka majini. Mdogo wangu alikuwa anakaa nyuma yangu anahesabu: "Yaya, hiyo ya kumi na nne." Kosa langu lilikuwa la mtu aliyezoea kutazama ndege za Kavumu: nilidhani mwishoni unainua pua kidogo ili magurudumu yaguse polepole. Juu ya meli hapana. Unashuka kwa mteremko uleule, nyuzi kama 3 na nusu, mpaka unagonga sitaha. Ukiinua pua, ndoano inapita juu ya kamba. Tena pua haikupi urefu. Pua inashika mwendo, gesi njo inakupandisha au kukushusha. Kando ya sitaha kuna mpira wa mwanga katikati ya mstari wa taa za kijani. Mpira ukipanda, uko juu sana. Ukishuka, uko chini, na ukigeuka mwekundu, ongeza gesi bila kufikiri. Unapohangaika na hayo, meli nayo inaenda, na njia ya kutua haielekei mbele ya meli: imelala mshazari, nyuzi kama 9 upande wa kushoto. Kwa hiyo mstari wako unakukimbia kuelekea kulia muda wote. Hapo FlightGear ni mwalimu wa kweli, siilaumu.

Lawama yangu inaanzia kwenye huo mshazari. Zamani sitaha ilikuwa moja kwa moja. Ukikosa kamba, mbele yako kuna wavu, na nyuma ya wavu kuna ndege zilizoegeshwa na watu wanaozihudumia. Mwaka 1951 Waingereza wakapata wazo la kuigeuza njia kidogo, ili aliyekosa kamba akute mbele yake hewa na bahari. Njo maana rubani, magurudumu yanapogusa, hapunguzi gesi. Anaisukuma mpaka mwisho, kabla hajajua kama ameshikwa. Akishikwa, anasimama ndani ya sekunde chache. Asiposhikwa, anaruka tena, anazunguka, anarudi. Wamarekani wanaita hiyo bolta, na kwenye alama zao bolta inapata 2.5, wakati kutua kubaya, hata kama kamba umeshika, kunapata 2. Yaani aliyekosa anaweza kumpita aliyefika.

Sisi wa huku tunajua pisti isiyo na hewa mbele. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga lava mpaka juu ya kiwanja cha ndege cha Goma, sehemu ya pisti ikafunikwa, na ndege ziliendelea na kipande kilichobaki. Tarehe 15 Aprili 2008, DC-9 ya abiria ilishindwa kuruka, ikapita mwisho wa pisti, ikaingia mu Birere. Walikufa watu kama 40, wengi wao hawakuwa hata abiria. Sisemi lava peke yake iliua. Nasema mwisho wa ile pisti hapakuwa bahari, palikuwa soko.

Haya yote FlightGear hainiambii. Ukishika kamba umesimama, basi. Hakuna afisa wa kukwambia ulikuja chini sana, ulibahatika. Ukianguka, unaanza upya. Nikajikuta na tabia mbaya: niliacha kusukuma gesi wakati wa kugusa. Juu ya nini nisukume? Nikikosa, ndege iende majini, nabonyeza kitufe, niko tena angani na mafuta kamili.

Kwa rafiki mmoja mu Bukavu nilijaribu DCS. Programu yenyewe ni ya bure, lakini ndege ya Hornet na Supercarrier, iliyotoka 2020, unanunua. Mule afisa anaongea nawe na anakupa alama. Kutua kwangu kwa kwanza nilipiga makofi. Yeye akaniandikia mstari mzima wa makosa. Rafiki alicheka. Mimi nilikumbuka memuari yangu, iliyorudi na alama tu bila neno pembeni, na mpaka leo sijui nilikosea wapi. Ila DCS inataka kompyuta ambayo mifuko yetu haifiki, kwa hiyo nimerudi kwa FlightGear na sheria yangu mwenyewe: kitufe hakiguswi. Ukikosa, zunguka na mafuta uliyonayo.

Ni mchezo mwingine kabisa. Juzi nilizunguka mara tano, mafuta yakabaki ya mara moja, mkono ukaanza kutetemeka kweli. Nikashika kamba ya kwanza, ile ya nyuma kabisa, ya mtu aliyekuja chini sana. Mdogo wangu akashangilia. Nikamwambia aandike 2.