Swali Lililoachwa na Swali Lililokatwa

Watazamaji wengi huku Temeke wana lalamiko moja: "Mbona imeishia hewani?" Mtu katoa hela yake, kakaa kwenye benchi la kibanda cha video saa mbili nzima, halafu hajaambiwa ukweli ni upi. Anaona kaliwa.

Mara nyingine ana haki. Enzi za Steven Kanumba, aliyefariki mwaka 2012, filamu nyingi za Kibongo ziliuzwa sehemu ya kwanza na ya pili. Mambo yakishapamba moto, mara picha inakatika: kanunue ya pili! Swali la namna hiyo jibu lake lipo, ila limefungiwa dukani. Ukishalilipia, limekwisha.

Lakini itazame Maangamizi, filamu ya mwaka 2001 ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo Tanzania iliipeleka kushindania Oscar. Daktari Asira anatoka Marekani kuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Anamkuta Samehe, mwanamke aliyenyamaza miaka mingi, ambaye hutokewa na bibi wa kale. Je, ni mzimu au ni maradhi? Hospitali ina lake, kanisa lina lake, mila nazo zina lake. Kwa maoni yangu filamu inaelemea upande wa mzimu, ila haimpi mtu yeyote cheti cha ushindi.

Na ingempa ingetudanganya. Jamani, nyumba ngapi mitaani kwetu zina ndugu anayesema na wasioonekana? Shangazi anataka apelekwe hospitali, baba mdogo anataka mganga, jirani analeta watu wa maombi. Ubishi huo haujaisha majumbani. Itakuwaje uishe kwenye filamu kwa dakika tano za mwisho?

Hata hivyo, si kila ukungu ni hekima. Wapo wanaoacha hadithi njiani kwa sababu imewashinda, kisha wanajidai eti mtazamaji afikiri mwenyewe. Kipimo changu ni hiki: watu wawili wakibishana baada ya filamu, je, kila mmoja anaweza kutaja alichokiona kikamfanya aamini hivyo? Kwa Maangamizi wanaweza. Kama kila mtu anabuni tu, basi mtunzi hakuacha swali, ameacha kazi yake.

Sisi tunaohangaika na miswada ya riwaya tulizingatie hilo kabla ya kuandika "mwisho".