Na Asiyejua Kuchora, Je?

Wasomaji wenzangu, safari hii sihakiki diwani wala riwaya. Nahakiki filamu ya Kihindi. Mnaotaka kucheka chekeni sasa hivi tumalize, halafu tuendelee.

Filamu yenyewe ni Taare Zameen Par, iliyotoka Desemba 2007. Mwongozaji ni Aamir Khan, ambaye pia anaigiza kama mwalimu, na hadithi ni ya Amole Gupte. Wapenzi wa picha za Kihindi hapa mjini waliiona zamani. Mimi nilichelewa. Nimeiona nikiwa na mwanangu wa miaka tisa, yuko darasa la tatu, na kusoma kumemshinda.

Sentensi hiyo ya mwisho ilinichukua mwaka mzima kuitamka mbele za watu. Mimi najiita mwandishi, bwana. Nyumba imejaa vitabu hadi chini ya kitanda. Sasa mtoto wa mwandishi anashindwaje kusoma ubao wa duka?

Nakala tuliyoipata ilikuwa na tafsiri ya Kiingereza iliyoandikwa chini ya picha. Kwa hiyo muda wote, karibu saa mbili na dakika arobaini, mwanangu alikuwa ananivuta shati: "Baba, amesemaje?" Nami namsomea, naligeuza Kiswahili. Filamu imetungwa kumhusu mtoto kama yeye, na yeye haipati mpaka apate wa kumsomea. Hilo peke yake lilinitosha kwa usiku ule.

Kisa ni hiki. Ishaan Awasthi, anayeigizwa na Darsheel Safary, ni mtoto wa miaka minane anayeishi Mumbai. Anarudia darasa la tatu. Kaka yake Yohaan ndiye yule wa kwanza darasani, yule ambaye kila nyumba inaye wa kulinganishia wengine. Baba anachoka, anampeleka Ishaan shule ya bweni. Huko mtoto ananyauka, haongei, hachori tena, mpaka anakuja mwalimu wa sanaa aitwaye Nikumbh, ambaye anagundua kwamba mtoto ana disleksia. Yaani akili anayo, ila kusoma na kuandika kunamtoa jasho kuliko wenzake.

Tuanze na sifa. Kuna tukio moja ambalo kila anayetaka kuandika hadithi alitazame mara tatu. Ishaan kapewa mtihani wa hesabu: tatu mara tisa. Sisi tunaingizwa kichwani mwake. Tatu ni sayari ya tatu, Dunia yetu. Tisa ni Pluto. Dunia inapaa, inaenda kuigonga Pluto, Pluto inasambaratika, inabaki Dunia. Jibu: tatu. Mtoto anaandika 3 na kuridhika kabisa. Jibu limekosewa, lakini tumeona lilivyopatikana, na kazi iliyofanyika pale ni ya akili kubwa. Mtunzi hakutuambia hata mara moja kwamba mtoto ana akili. Sisi tungeandika nini? "Alikuwa mtoto mwerevu sana." Halafu tunahamia aya nyingine, tumemaliza!

Tukio la pili. Nikumbh anasafiri hadi Mumbai kuwaona wazazi. Baba anadai kwamba mtoto ni mtundu na mvivu tu. Mwalimu anachukua boksi lenye maandishi ya kigeni, anampa: soma. Baba anasema hawezi. Mwalimu anamkaripia kwa maneno yale yale ambayo baba huyatumia kwa mwanawe. Mwanangu alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Mimi sikucheka. Wiki moja kabla, alikuwa ameandika "dada" mahali pa "baba" kwenye daftari lake, nami nikamwambia, "Kumbe hata baba yako humjui?"

Basi hapo mhakiki alikuwa ameshashikwa. Lakini kushikwa si kusalimu amri, na nina hoja tatu na filamu hii.

Ya kwanza ni zile herufi zinazocheza. Ishaan akitazama ukurasa, herufi zinatambaa na kurukaruka. Ni picha nzuri mno, ila inapotosha. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14 ambaye mwalimu wake alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yangekuwa ya mdomo tu. Morgan aliiita hali ile upofu wa maneno, na tangu hapo watu wengi wamekuwa wakiyashuku macho. Watafiti wa leo wengi wanaona chanzo kikubwa kiko kwenye sauti za lugha: kuzitenga na kuzifunga kwenye herufi zake. Hata hiyo "b" kugeuka "d" huwapata watoto wengi wanaoanza kuandika. Mimi nilipoteza miezi nikitafuta miwani. Macho ya mwanangu hayana kasoro yoyote.

Na hapa Kiswahili kina neno la kusema. Lugha yetu huandikwa karibu sawa na inavyotamkwa, kwa hiyo mtoto wa aina hii anaweza hatimaye kusoma bila makosa mengi, ila polepole, silabi kwa silabi. Mpe neno kama "hawakutuandikia", herufi kumi na tano mfululizo, uone jasho. Akihamia Kiingereza, ambako hata neno la kisu huanza na herufi isiyotamkwa, mzigo unaongezeka. Riwaya ya mtoto huyu wa kwetu bado inamsubiri mtu, na mtu huyo asiige herufi za Mumbai.

Hoja ya pili ni wazazi. Katika filamu baba ni mkosaji na mama ni mlizi. Kuna pale baba anapokwenda bwenini kumwambia mwalimu kwamba mkewe amesoma habari za disleksia kwenye intaneti, ili mwalimu ajue kuwa wanajali. Nikumbh anamjibu kwa hadithi ya watu wanaouzunguka mti na kuutukana kila siku mpaka unakauka. Hapo niliacha kutafsiri. "Baba, amesemaje?" Nikamwambia. Akanyamaza, nami nikanyamaza.

Lakini nauliza: kazi ya mzazi iko wapi? Nikumbh anazungumza na mkuu wa shule na njia inafunguka. Mimi nilikwenda shuleni mara nne. Mara ya kwanza niliambiwa, "Mzazi, huyu mvivu, mkazanie." Simlaumu mwalimu yule, darasa lina watoto themanini na kitu. Mara ya pili na ya tatu nilikwenda na maneno makubwa niliyoyasoma, tukaagana kwa heshima tu. Mara ya nne nilisema, "Mwalimu, naomba umuulize kwa mdomo." Usiku wake nilikuwa nimemsomea somo la mzunguko wa maji. Alijibu yote, akaongeza na ya mvua ya juzi. Mwalimu akaniangalia. "Kumbe anashika!" Tukakubaliana mambo matatu: akae mbele, asiitwe kusoma kwa sauti bila kuambiwa aya siku moja kabla, na asichapwe kwa sababu ya herufi. Nyumbani tunagonga meza kwa kila silabi, robo saa kila jioni. Maendeleo ni madogo. Hakuna muziki unaopigwa nyuma yetu.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma. Mwishoni kuna mashindano ya kuchora, Ishaan anashinda, na mchoro wake unawekwa kwenye jalada la kitabu cha shule. Watu wanafuta machozi, mimi mmoja wao. Filamu ilipoisha mwanangu akaniuliza, "Baba, mimi najua nini?"

Yeye hachori. Haimbi. Mpira anapangwa golini. Ni mtoto wa kawaida, mcheshi, muoga wa mbwa. Je, asiposhinda chochote, hastahili kusubiriwa amalize sentensi yake? Filamu inamtetea mtoto kwa kutuonyesha kipaji kilichofichika. Utetezi huo unamwacha nje yule asiye nacho, na hao ndio wengi. Nilimjibu kwamba anajua kuuliza. Aliona ninamkwepa.

Sasa tuje kwetu. Sisi vijana wa kalamu tuna mhusika wetu wa kuchekesha: kilaza wa darasa. Humuweka dawati la nyuma, tukampa jibu la kipumbavu, wasomaji wakacheka. Na nje ya hadithi ni hivyo hivyo. Barua zikija hapa jaridani zimejaa makosa ya tahajia, kuna mtu alikuwa akizisoma kwa sauti ili wenzake wacheke. Mtu huyo ni mimi. Sijui tumezitupa hadithi ngapi nzuri kwa sababu mwandishi alichanganya herufi.

Itazameni filamu hii. Pamoja na hoja zangu zote, inamfanya mzazi ajitazame, na si kazi nyingi zinazofika hapo. Mwenye maoni tofauti alete. Na kama kuandika kunakupa tabu, usiache: njoo utusimulie, kuandika nitaandika mimi.