Manda Mbili na Ngoma Moja: Mganda na Suala la Asili

Msomaji wa Lamu asikiapo jina la Manda hukumbuka kisiwa kinachoukabili mji wake, mikoko yake na magofu ya Takwa. Ipo Manda nyingine, mbali na bahari, katika wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, pale Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake katika Ziwa Nyasa. Manda hizi mbili hazikuunganishwa na jina peke yake. Upo uzi uliotoka pwani ukafika ziwani, nao ni uzi wa ngoma.

Ngoma hiyo ni mganda, ambayo upande wa Malawi hujulikana pia kwa jina la malipenga. Wanaume hujipanga safu, aghalabu wamevaa mashati na kaptura nyeupe, soksi zimevutwa hadi magotini, wakaenda kwa hatua zilizopimwa mithili ya askari wa gwaride. Malipenga yenyewe ni vibuyu vilivyotobolewa, tundu likazibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Hayapulizwi kama tarumbeta. Mchezaji huimba ndani yake, na sauti ya mtu hutoka imekwaruza, imevuma, imekuwa sauti ya chombo. Ngoma kubwa huzishika hatua zisipotee.

Mgeni atazamapo, jambo la kwanza aonalo ni mwigo: Mwafrika amevaa nguo za mkoloni, anatembea mwendo wa mkoloni. Mwenyeji aulizwapo, hujibu kwamba hiyo ni ngoma ya asili, ya babu zake. Majibu haya mawili yanaonekana kupingana, na wahakiki wengi wametaka tuchague moja. Lakini historia ya mganda haiukubali uchaguzi huo.

Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani kama Mombasa na Lamu, ilizuka beni, ngoma iliyochukua jina na sura yake kutoka bendi za shaba za Wazungu. Vikundi vilijipa vyeo, vikavaa sare, vikashindana kwa mapambo, kwa karamu na kwa nyimbo za mafumbo. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya ngoma hiyo, alionyesha kwamba beni haikuwa kasuku wa Mzungu. Mashindano ya mtaa kwa mtaa yalikuwapo pwani kabla ya tarumbeta kufika. Mkomani na Langoni hazikusubiri bendi ili zipate la kushindania. Vazi lilikuwa geni, ugomvi ulikuwa wa nyumbani.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, vya mwaka 1914 hadi 1918. Vita hivyo viliwachukua wanaume wa Afrika Mashariki kwa maelfu, baadhi wakiwa askari, wengi zaidi wakiwa wapagazi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam na Nairobi, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Beni ilisafiri kambi kwa kambi pamoja nao, na waliosalimika waliirejesha makwao. Mwambao wa Nyasa ulikuwa miongoni mwa mahali ilipotua.

Hapo ndipo penye jambo la kuhakikiwa. Shaba haikuwapo, na kama ingalikuwapo ingalikuwa ghali. Kibuyu kikashika nafasi yake. Watu husema kibuyu kilikuwa badala ya tarumbeta, lakini sikio halikubali. Tarumbeta huificha sauti ya mpigaji. Kibuyu huibeba, na pamoja nayo maneno. Gwaride, ambalo kazi yake ni kumfanya mtu asiwe na neno ila amri, likageuzwa kuwa mahali pa kusema: kumsifu mwenyeji, kumsuta mwenye kiburi, kumlilia aliyekufa. Mwendo ulibaki wa askari, lakini amri iliondoka. Mageuzi haya ni tendo la ushairi hata kama hayakuandikwa kwa wino.

Wapenzi wa mashairi wa visiwani hawana haja ya kushangaa. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ulisimulia vita vya Waarabu na Warumi kwa mizani ya Kiswahili. Taarabu ilichukua fidla na ganuni kutoka Misri, lakini Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, aliitia Kiswahili cha mitaani na mambo ya watu wanyonge, na leo hapana anayethubutu kuiita taarabu mali ya wageni. Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974 bila vina wala mizani, kilishitakiwa kwa kosa lile lile: kwamba kimeiga Ulaya. Shitaka hilo halikuuliza swali lililo muhimu. Haitoshi kuuliza umbo limetoka wapi. Yafaa kuuliza limefanywa liseme nini ambalo halikuweza kulisema kabla ya kufika, na ni nani anayelihukumu.

Kwa kipimo hicho mganda hushinda pale unapochezwa kijiji kwa kijiji, mbele ya watu wanaomjua anayesutwa. Hudhoofika unapopandishwa jukwaani kwa dakika chache kuwapokea wageni rasmi. Hapo hatua hubaki, nguo hubaki, lakini fumbo hukosa mtu wa kulifumbua, na ngoma hurudi kuwa gwaride. Ajabu ni kwamba hatari hii haikuletwa na ugeni. Imeletwa na jina la asili lenyewe. Kinachoitwa asili hugandishwa, na kilichogandishwa hakiwezi tena kumsuta mtu.

Kijana wa Manda apandaye kwenda Njombe au Makambako, huko barabara ziendazo Dar es Salaam na Mbeya zinakokutana, huambiwa achague: ama ajivunie vibuyu vya babu, ama awe mtu wa dunia na muziki wa simu. Wanaompa uchaguzi huo wanamdhulumu. Babu hakuwa mtu wa kukaa mahali pamoja. Alikwenda vitani bila hiari, akayaona ya walimwengu, na katika mateso akatwaa alichokitaka, akakisemesha lugha yake. Kumwambia mjukuu kwamba urithi wake ni kibuyu ni kumpa ganda na kumnyima kiini. Urithi wake ni ule ujasiri wa kutwaa na kugeuza, pamoja na sharti lake gumu: kwamba kilichotwaliwa kirudishwe mbele ya watu wa nyumbani, nao wakipime.