Gari Mamluki la Mwaka 1964 na Kipimo cha Imani

Injini mbili za V8 zilizotengenezwa na kampuni ya Pontiac ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960, moja ya inchi za ujazo 389 na nyingine ya 421, zilifanana kwa umbo la nje kiasi kwamba mtu aliyefunua boneti na kuinama juu yake, hata angekuwa fundi, asingeweza kuzitofautisha kwa macho tu. Tofauti ilikaa ndani. Kipenyo cha silinda, yaani upana wa tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka, kilikuwa takriban milimita 103.2 katika ile ndogo na milimita 104 katika ile kubwa. Mwendo wa pistoni, yaani umbali inaousafiri kutoka chini hadi juu, ulikuwa milimita 95.25 katika ile ndogo na 101.6 katika ile kubwa. Kwa hesabu iliyozoeleka Afrika Mashariki, ni sawa na kulinganisha cc 6,400 hivi na cc 6,900. Milimita sita na ushee za mwendo wa pistoni, zilizofichwa chini ya vyuma visivyoonyesha lolote, zilichangia kujenga sifa mojawapo kubwa katika utamaduni wa magari wa vijana wa Marekani, na namna zilivyofichwa inastahili kuchambuliwa na yeyote anayeshughulika na swali ambalo kanisa limekuwa likijiuliza tangu siku za mitume, la jinsi ya kuitambua imani ya kweli iwapo ile isiyo ya kweli inaweza kufanana nayo hivyo.

Uwanja wa kisa hiki ni Barabara ya Woodward, inayotoka katikati ya jiji la Detroit na kukwea kaskazini-magharibi hadi mji wa Pontiac, ikipita Royal Oak njiani. Nyakati za usiku wa mwisho wa wiki vijana waliizunguka barabara hiyo kwa magari, wakaegesha kwenye migahawa ambayo mteja alihudumiwa akiwa ndani ya gari lake, kama ule wa Ted's, kisha wakashindana kuondoka kwa kasi kutoka taa moja ya barabarani hadi nyingine. Utamaduni huo ulikuwa na maadili yake, tena makali. Gari lililopambwa kwa rangi na nembo huku injini yake ikiwa dhaifu lilidharauliwa kuliko gari bovu, na Mswahili angeliita mkakasi, uzuri wa nje na ndani kipande cha mti. Lililoheshimiwa kupita yote lilikuwa kinyume chake, gari la kawaida la kumpeleka bibi sokoni, ambalo dereva wake hakujigamba, lakini taa ilipogeuka kijani liliwaacha wengine wakitazama taa zake za nyuma. Vijana hao, pasipo kukusudia, walikuwa wamejifunza nusu ya somo la unafiki: walijua kwamba sura hudanganya. Nusu nyingine, kwamba hata mwendo unaweza kudanganya, hawakuijua bado.

Mwaka 1963 uongozi wa General Motors, kampuni mama ya Pontiac, ulikuwa umezipiga marufuku kampuni zake tanzu kushiriki mashindano ya magari, na tayari kulikuwa na kanuni ya ndani iliyozuia injini inayozidi inchi za ujazo 330 kuwekwa katika gari la ukubwa wa kati. Wahandisi wa Pontiac, wakiongozwa na John DeLorean, hawakuivunja kanuni hiyo waziwazi bali waliizunguka: kwa kuwa ilihusu aina ya gari na haikutaja vifaa vya ziada anavyoweza kuagiza mnunuzi, waliiweka injini ya 389 katika orodha ya vifaa vya ziada vya gari la Tempest LeMans, kwa bei iliyokaribia dola 300, wakakiita kifurushi hicho GTO. Jina lenyewe lilitwaliwa kutoka kwa Ferrari 250 GTO, ambamo herufi ya mwisho ni neno la Kiitalia lenye maana ya gari lililoidhinishwa rasmi kushindana. Pontiac halikuwa limeidhinishwa popote. (Hata lile la Ferrari lilitengenezwa kwa idadi isiyofika 40, ilhali kanuni za daraja lake zilitaka magari 100, likapata idhini kwa hoja kwamba ni toleo tu la gari lililotangulia; ukoo wa jina hili, kwa kweli, una mambo.)

Toleo la Machi 1964 la jarida la Car and Driver lilibeba jaladani mchoro wa magari hayo mawili, la Pontiac na la Ferrari, yakiwa yanashindana. Ferrari haikupatikana, kwa hiyo ushindani wenyewe haukufanyika, ila Pontiac lilijaribiwa huko Daytona, Florida, na takwimu zilizochapishwa ziliwashangaza wasomaji: kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, kwa sekunde 4.6, na robo maili kwa sekunde 13.1. Gari la majaribio lilikuwa limetayarishwa na Royal Pontiac, duka la magari la Royal Oak lililojulikana kwa kuuza matengenezo yaliyoitwa Bobcat. Matengenezo hayo yalikuwa ya kifundi halisi na yaliuzwa hadharani: gasketi ya silinda hedi iliwekwa nyembamba zaidi ili mchanganyiko wa mafuta na hewa ubanwe kwa nguvu zaidi kabla ya kuwashwa, matundu ya mafuta katika kabureta yalibadilishwa, na wakati wa cheche ukasogezwa mbele. Ambacho hakikusemwa ni kwamba chini ya boneti hapakuwa na 389 bali 421. Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyeisimamia shughuli hiyo, alikiri jambo hilo miaka mingi baadaye.

Ufundi wa hila hii umo katika jambo moja, kwamba haikuhitaji uongo wowote unaoonekana. Hakuna nembo iliyobandikwa kwa udanganyifu, hakuna saa iliyochezewa kwa sababu ya injini hiyo, na wanahabari waliolikagua gari waliona kile ambacho wangekiona katika gari lingine lolote la aina hiyo. Msomaji wa Afrika Mashariki anayejua kwamba kadi ya gari huandikwa namba ya injini pamoja na namba ya chasisi ataelewa kwa nini serikali haiamini macho. Na fundi yeyote atasema kwamba kipimo cha uhakika cha ujazo hupatikana silinda hedi ikishavuliwa, pistoni ikashushwa hadi chini kabisa, na rula ikashuka ndani ya tundu. Jarida la magari lililoazimwa gari kwa siku chache halifungui injini ya mwenyewe.

Inafaa kutaja kwa usahihi uongo ulikuwa wapi, maana wengi wanaosimulia kisa hiki huupoteza. Kasi ilikuwa ya kweli. Gari lile lilikimbia kweli, na mtu aliyekaa ndani yake aligandamizwa kitini kweli. Uongo ulikuwa katika uwakilishi: gari lililowekwa mbele ya umma kama sampuli ya bidhaa halikuwa bidhaa ambayo kijana wa Woodward angeikuta dukani. Michezo ya shule ina neno linalolifaa jambo hili kuliko yote, nalo ni mamluki, yaani mchezaji ambaye kipaji chake ni halisi na magoli yake ni halisi, ila hakusoma katika shule ambayo jezi yake ameivaa.

Hapo ndipo kisa cha injini kinapoacha kuwa mfano mwepesi wa unafiki na kuanza kusaidia. Mahubiri mengi juu ya imani ya kweli humchora mnafiki kama mkakasi, mtu asiye na kitu ndani, na kwa hiyo huwafariji wote ambao ndani yao kuna kitu. Injili ya Mathayo, katika sura ya saba, haikubali faraja hiyo; watu wanaokataliwa pale wametabiri na kutoa pepo, na maandiko hayasemi kwamba miujiza yao ilikuwa ya kughushi. Hukumu haigusi kasi. Inagusa uhusiano, kwamba hawajulikani na yule ambaye kwa jina lake walikimbia. Woodward yenyewe ina mfano wake, kwa kuwa kwenye makutano yake na Barabara ya 12 Mile, hapo hapo Royal Oak, linasimama kanisa la mnara mkubwa wa mawe wenye sanamu ya Kristo msalabani, ambalo padri wake, Charles Coughlin, alisikilizwa redioni na mamilioni ya Wamarekani katika miaka ya 1930. Mvuto wake haukuwa wa bandia hata kidogo, na ndio huo huo uliobeba chuki dhidi ya Wayahudi hadi nyumba za Wakristo, mpaka askofu wake mkuu alipomnyamazisha kisiasa mwaka 1942. Alibaki paroko hapo hadi 1966, vijana wakipita na magari yao chini ya mnara ule.

Aliyejaribu kuunda kipimo cha jambo hili kwa nidhamu ya kifundi ni Jonathan Edwards, mchungaji wa Northampton, Massachusetts, ambaye baada ya wimbi la uamsho la miaka ya 1740 alichapisha, mwaka 1746, kitabu kuhusu mielekeo ya moyo katika dini, yaani yale mapenzi, hofu, furaha na huzuni vinavyomsukuma mtu kutenda. Njia yake ilikuwa ya kuondoa kwanza vipimo vibovu. Alitaja mambo kumi na mawili ambayo hayathibitishi kitu upande wowote: ukali wa hisia, mwili kutetemeka, ulimi mwepesi wa kuzungumza habari za Mungu, mistari ya Biblia kuja akilini yenyewe, muda mrefu katika ibada, uhakika wa wokovu, hata ushuhuda unaowaliza wasikilizaji. Si kwamba mambo hayo ni mabaya. Ni kwamba injini zote mbili huweza kuyatoa. Kisha akaja na alama kumi na mbili anazoziamini, na ya mwisho, aliyoieleza kwa urefu kuliko zote, ni mwenendo wa Mkristo siku zote za maisha, ambao aliulinganisha na majaribio ya sayansi yanayoileta dhana mbele ya tukio. Kwa lugha ya gereji, Edwards aliikataa robo maili na kudai kilomita.

Kwa kipimo hicho, ungamo la Wangers linaonekana kuwa jambo la nusu. Lilikuja wakati lilipokuwa limegeuka simulizi tamu, na ujana unapokumbukwa huhifadhi sekunde 4.6 na kusamehe zilivyopatikana. Katika mwaka huo wa kwanza Pontiac iliuza GTO 32,450, na hakuna mnunuzi aliyerudishiwa tofauti ya milimita sita. Ndivyo pia ushuhuda wa kuokoka unavyoweza kung'arishwa mwaka hadi mwaka makanisani, dhambi za zamani zikipata hadhi ya vituko. Zakayo wa Injili ya Luka aliungama kwa njia isiyong'arishika: alitaja kiwango, mara nne, na waliopaswa kulipwa walikuwa hai, mjini mwake.

Kati ya alama za Edwards, ya kumi ndiyo isiyokumbukwa sana, nayo ni uwiano. Alishikilia kwamba neema ya kweli haina upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, na akawataja wanaodai kuzipenda mno roho za watu huku hawaihurumii miili yao. Ni sentensi ya fundi aliyefika ndani kabisa ya injini. Lakini Juni 1731, huko Newport, Rhode Island, mwandishi huyo huyo alikuwa amemnunua msichana Mwafrika kwa pauni 80, na aliendelea kumiliki watu hadi alipofariki mwaka 1758. Wanaomheshimu Edwards hupenda kusema kwamba ndivyo zama zake zilivyokuwa. Hoja hiyo inaeleza kwa nini majirani hawakushangaa, haielezi kwa nini rula aliyoitengeneza mwenyewe haikushushwa katika silinda hiyo. Hati ya mauziano ipo hadi leo. Inalitaja jina la msichana, Venus, inataja umri wake, miaka 14 au karibu na hapo, na inataja bei. Yale ambayo angeyasema kuhusu nyumba ya mchungaji, yeye aliyeiona kutoka jikoni kila siku, hayamo.