Nyimbo Mbili za Nyongeza

Ukienda na flashi kwenye kibanda cha rafiki yangu pale Tandale, ulilipia nyimbo mia ukaondoka na mia na mbili. Zile mia ulizichagua mwenyewe, na mara nyingi zilikuwa zilezile zinazopigwa kwenye daladala. Mbili za mwisho hukuziomba. Zilikuwa za vijana wa mtaani, au za bendi inayopiga Jumamosi kwenye baa yenye viti vya plastiki kumi. Hakukuambia kwamba kaziweka. Alisubiri. Ukirudi baada ya wiki ukauliza, "Ule wa mwisho kabisa ni wa nani?" hapo aliacha kazi, akakuvutia stuli, akaanza kusimulia.

Alifariki mwaka jana kwa ajali ya bodaboda, akiwa na miaka 29. Nimechelewa kuandika habari zake kwa sababu siku tulipoachana tulikuwa tumekosana, na kosa lilikuwa langu.

Mimi nasoma shahada ya uzamili katika fasihi. Tasnifu yangu inahusu ushairi wa nyimbo za Bongo Fleva. Yeye aliishia kidato cha nne, na alikuwa msikilizaji bora kuliko mimi. Alikuwa na swali moja, aliloliuliza kabla hata wimbo haujafika kwenye kiitikio: "Nani katunga?" Ukimtajia jina la mwimbaji alitikisa kichwa. "Huyo kaimba. Nimekuuliza nani katunga."

Nililiona swali la mbishi tu. Leo naona lina uzito kuliko sura nzima ya kwanza ya tasnifu yangu.

Fikiria muziki wa dansi tulioachiwa na wazee wetu. NUTA Jazz iliundwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kikabadilika jina, na bendi ikabadilika nacho: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo tunaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park nayo ilikuja kumilikiwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikabeba herufi za DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, gitaa lilikuwa la mwajiri, na wimbo ulirekodiwa Radio Tanzania ukaingia masikioni mwa nchi kwa jina la bendi. Wapenzi wakubwa walijua nani alitunga nini. Wengine wote walijua "wimbo wa Juwata", na hapo habari ikaishia.

Taarabu ilikuwa na mpangilio mzuri zaidi, kwa sababu ndani yake aliyeandika shairi, aliyetunga muziki na aliyeimba wanaweza kuwa watu watatu, kila mmoja na heshima yake. Lakini hata huko, miaka ikipita, sauti ndiyo inayobaki na kalamu inasahauliwa. Na huenda hakuna wimbo wa Kiswahili uliotembea dunia kuliko "Malaika". Wageni wengi wanaujua kwa sauti ya Miriam Makeba. Fadhili William aliurekodi kabla yake, na Adam Salim alidai kwamba ndiye aliyeutunga. Wimbo ule unaimbwa harusini kila wiki, na mtunzi wake bado ni mgogoro.

Sisi watu wa fasihi tumeongeza tatizo. Tumelelewa na diwani, na kwenye diwani jina lililo juu ya jalada ndilo la mtunzi. Tukihamia kwenye wimbo tunamgeuza mwimbaji kuwa jalada. Tunaandika "msanii analalamika", "msanii anakejeli", "msanii anakumbuka utoto wake", kana kwamba tuna uhakika utoto ule ni wa nani.

Hivyo ndivyo nilivyoandika. Nilichapisha uhakiki wa wimbo mmoja uliokuwa unavuma, nikasifu namna msanii alivyoeleza njaa ya nyumbani kwao bila kulitaja neno njaa. Jioni ile rafiki yangu alinitumia ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na moja: "Msomi, huyo jamaa hajawahi kulala njaa. Aliyelala njaa anakaanga chipsi Mwananyamala." Kisha akataja jina.

Sikufurahi. Nilimjibu kwamba kama anajua watunzi wote basi aandike, aache kunisahihisha kwa simu. Nikaongeza neno ambalo hadi leo linanichoma: kwamba mtu anayeishi kwa kunakili nyimbo za watu bila kuwalipa hana haki ya kufundisha wengine heshima kwa watunzi. Hakujibu. Wiki tatu baadaye nilikuwa makaburini.

Sitaki kifo kimgeuze malaika. Niliyomwambia kuhusu kunakili yalikuwa kweli, ingawa sikuwa na sababu ya kuyasema isipokuwa hasira. Sheria ya Hakimiliki tunayo, ile ya 1999, na kibanda chake, kama vibanda vyote vya aina ile, hakikuijali. Alilijua hilo. Nadhani zile nyimbo mbili za nyongeza zilikuwa namna yake ya kulipa deni, japo waliolipwa si wale aliowadai. Na alikuwa na udhaifu mwingine, ambao mhakiki hawezi kuupita: hakuwahi kumwambia mtunzi wa mtaani kwamba wimbo wake mbaya. Kijana mmoja aliyekuwa akimletea nyimbo aliniambia msibani, "Alinipenda sana, lakini beti la pili alijua ni bovu na akaninyamazia." Nilisikiliza wimbo ule. Beti la pili ni bovu kweli: linarudia la kwanza kwa maneno mengine, halafu linamwachia kinanda kazi ya kuhuzunika. Kumtetea mtu ni pamoja na kumwambia hivyo.

Basi nilijiona ninaye rafiki aliyeuliza bila kuandika, nami nikiwa mwandishi nisiyeuliza. Nikaamua kulipa. Nilikwenda Mwananyamala, nikamkuta muuza chipsi, nikamweleza kwamba nataka kusahihisha uhakiki wangu na kuweka jina lake.

Aligeuza viazi mara mbili kabla ya kunijibu.

"Kaka, ukiniandika umeniharibia."

Wimbo ule aliuuza. Alipewa pesa taslimu mkononi, kwa makubaliano ya mdomo kwamba atanyamaza. Pesa hiyo ililipa kodi ya miezi sita. Jina lake likitoka, hakuna atakayenunua wimbo wa pili, na wimbo wa pili tayari ulikuwa umeandikwa nyuma ya daftari la hesabu za mayai. Nilimuuliza, mbona rafiki yangu alikuwa akimtaja?

"Yeye nilimruhusu. Nilimwambia, sema, lakini usiandike."

Nilikaa pale hadi chipsi zangu zikapoa. Kile nilichokiita uvivu wa kuandika kilikuwa siri aliyopewa kuitunza, na aliitunza kwa njia ngumu: jina lilipita mdomoni, kwa mtu aliyerudi kuuliza, na halikukaa mahali ambapo mnunuzi angeliona. Tunapodai majina ya watunzi yaandikwe, na tudai, tukumbuke kwamba wapo ambao ukimya ndio bidhaa waliyouza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mnunuzi.

Kwenye tasnifu nimefuta "msanii anasema" katika sehemu arobaini na moja, nikaandika "wimbo unasema". Ni badiliko dogo, lakini halisemi uongo. Kwenye jedwali la nyimbo nimeongeza safu ya mtunzi. Baadhi ya mistari imejaa, mingine ni mitupu, na katika hiyo mitupu iko ambayo najua cha kuandika na sijaandika. Msimamizi wangu anasema safu yenye mapengo inaonyesha utafiti haujakamilika. Nimeiacha.

Kibanda sasa kinauza vocha na kava za simu. Flashi ya mwisho aliyonijazia bado ninayo. Wimbo wa mia na moja najua ni wa nani. Wa mia na mbili ni sauti ya mwanamke na gitaa moja, na nyuma yake mvua inapiga bati. Huo sijui nani katunga. Nilikuwa sijarudi kumuuliza.